Kurasa Zilizoliwa na Mchwa

Kwa miaka sita mimi ndiye niliyekuwa macho ya Mzee Anatoli, na sikuhitaji msaidizi. Mzee alifundisha saikolojia ya jamii chuo kikuu mpaka macho yakamwishia nguvu, akarudi kwao Ujiji na maboksi arobaini ya vitabu vya wanazuoni wa zamani: kwa nini watu hufuata kundi, kwa nini hutii, kwa nini huchukiana na jirani. Nilimsomea kila Jumamosi asubuhi. Utaratibu wake ni mmoja: unasoma ukurasa kwa Kiingereza, unaueleza kwa Kiswahili, kisha unatoa mfano wa hapa hapa kwetu. Ukurasa usio na mfano, kwake haujasomwa.

Halafu akaja Regina, mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Ilagala, sauti laini kama anabembeleza mtoto. Mzee alimkaribisha mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu akaniambia nimpishe kiti cha dirishani. Kiti changu. Nilihamia kwenye kigoda mlangoni, nikatabasamu, roho ikaniuma siku nzima. Nilimwonea wivu, sioni sababu ya kuficha. Niliuonea wivu hata mkono wake unavyofungua kitabu.

Mwezi wa tano Mzee akasema wasomaji wawili wanamchanganya. Jumamosi inayofuata angetusikiliza sote wawili, kisha angebaki na mmoja.

Kitabu cha siku hiyo nilikichagua mimi, maana kabati lilikuwa mikononi mwangu. Nilichukua kile chenye jalada la kijani, kinachoeleza namna watu wanavyojipima kwa wenzao. Masika ya mwaka juzi mchwa walikula kurasa zake nane za katikati. Kosa langu, nilikiweka sakafuni wakati nafagia, nikakisahau. Sikumwambia Mzee. Kila nilipofika pale niliruka, nikaunganisha maneno, yakaisha. Regina asingejua pa kuruka. Angebabaika, na mimi ningerudi kitini kwangu.

Regina alitangulia, akasoma vizuri kuliko nilivyotaka. Alipofika penye tundu akapekua mbele na nyuma, nami nikajiweka sawa.

"Mzee, samahani. Hapa kurasa zimeliwa na mchwa."

"Ngapi?"

"Nane."

Mzee akasema, "Basi niambie unadhani zilisema nini."

Regina akakifunga kitabu, kidole kikiwa ndani. "Kule kwetu mwaloni, boti za wavuvi zinaposhusha, wanawake wanaanika dagaa mchangani, kila mmoja na kipande chake. Mwenye boti akipita na gari lake, hakuna anayejali. Lakini mama yangu hakuweza kumaliza asubuhi bila kuchungulia kipande cha Mama Bariki, aone kama dagaa wa mwenzake wametangulia kukauka. Walikuwa marafiki, ndiyo maana ilimuuma. Tajiri hakumkosesha mama usingizi hata siku moja. Mama Bariki alimkosesha."

Mzee alicheka mpaka akajifuta machozi. "Ndicho kilichokuwemo," akasema. "Nimekifundisha kitabu hiki miaka ishirini na sijawahi kukieleza hivyo." Kisha akageuza uso kuelekea mlangoni nilipokaa. "Merina hapa huwa anaruka. Siku zote nilidhani amechoka, nikamwachia."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe alikuwa anajua, na alininyamazia kwa huruma, na huruma hiyo sikuitaka.

"Merina, wewe una mwandiko mzuri," akaendelea, bila ukali wowote. "Andika alichosema Regina, ukibandike mahali pa kurasa zile. Kuanzia Jumamosi ijayo atanisomea yeye."

Nikaleta karatasi na gundi. Regina, kwa ule upole wake unaoniudhi, akanisogelea.

"Dada Merina, nirudie taratibu ili uandike?"

"Hapana," nikasema.

Nikaandika yote, tangu mwaloni mpaka usingizi wa mama yake, bila kukosea neno.