Kuku wa Kumuaga Ok-rye

Mal-sun aliingia mkahawani akiwa bado na glavu moja ya mpira mkononi. Nyingine aliivua njiani, akikimbia. Ok-rye alimfuata polepole. Magoti yake hayakuwa na habari na haraka ya mtu.

"Mama mdogo, kuku tayari?"

Mwenye mkahawa aliitwa mama mdogo na kila mteja, hata waliomzidi umri kama hawa wawili. Alitoka jikoni macho yamemtoka.

"Dada, ulisema nikupikie kuku, simu ikakatika. Nikajiuliza, wa mchana au wa jioni? Nimemkatakata, nimemtia viungo, ila motoni bado."

Mal-sun akajishika kichwa. Asubuhi alipiga simu akiwa amejibanza chini ya ngazi, pale wasafishaji wanapoweka ndoo na ndipo wanapopumzikia, mara msimamizi Pyo akatokea. Simu kazini ni marufuku. Aliisokomeza kwenye matambara.

"Atachukua muda gani?"

"Dakika arobaini. Kuku hatishwi, dada."

Mapumziko yao yalikuwa nusu saa. Zamani yalikuwa saa nzima, kisha kampuni ikasema gharama zimepanda, ikawakata wao.

"Tule supu ya soya turudi," Ok-rye alisema. "Mimi naipenda."

"Huipendi. Mama mdogo, weka kuku."

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya Ok-rye. Mkataba wake ulikuwa wa miezi kumi na moja. Angetimiza mwaka, sheria ingeilazimu kampuni kumlipa kiinua mgongo, kwa hiyo hakuachwa autimize. Hakuna aliyemgombeza. Walimshukuru kwa heshima zote, wakamwomba arudishe sare ikiwa imefuliwa. Mal-sun, aliyeajiriwa zamani, alisaini mkataba mpya kila mwaka, na zamu yake ya kusaini ilikuwa mwezi ujao.

Sufuria pana ikawekwa juu ya jiko la mezani. Mchuzi mwekundu ukaanza kuchemka, viazi vikigongana na mapaja ya kuku. Mama mdogo akaleta kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na sahani ilipoisha akaleta nyingine bila kuombwa.

"Acha, kabichi imepanda bei," Ok-rye alimwambia.

"Kabichi imepanda. Kwani nyinyi mmepanda? Kuleni."

Kuku alipoiva, Ok-rye akaopoa paja, akaliweka bakulini mwa Mal-sun. Akaopoa la pili, akaliweka humo humo.

"Dada! Kuku ana mapaja mawili tu."

"Najua kuhesabu. Mimi nipe mabawa. Marehemu mume wangu sikumpa bawa hata siku moja, maana walisema mume akila bawa ataruka nje ya ndoa. Akaruka hivyo hivyo, mbinguni. Sasa nayala mwenyewe."

Mal-sun alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakutaka kukoma. Akamrudishia paja moja kwa nguvu. Wakala wakipuliza vidole, midomo ikiwaka pilipili, mifupa ikirundikana.

Simu ya Mal-sun ikalia. Ok-rye akaacha kutafuna.

"Mko wapi?" Ilikuwa sauti ya Pyo. "Kuna mtu amemwaga kahawa kwenye lifti. Muda umeshapita!"

"Tunakula, bwana msimamizi."

"Mnakula mpaka saa hizi? Mwezi ujao si unasaini wewe? Au hutaki?"

Ok-rye alisikia. Akamsukuma mkono. "Nenda, mdogo wangu. Mimi hawana cha kunifanya tena. Wewe una kodi ya nyumba. Nenda, umeshaniaga vizuri."

Mal-sun aliutazama mchuzi uliobaki, mzito, unang'aa mafuta. Mlo wa kuku huyu hauishi mpaka wali ukaangwe humo; mtu mwenye adabu hamwachi mgeni wake hapo. Alifikiria kodi pia, aliifikiria hasa.

"Kahawa itanisubiri," alisema kwenye simu. "Nikimaliza kumuaga dada yangu nitakuja kuifuta." Akaizima. "Mama mdogo! Tukaangie wali."

Mama mdogo alikuwa ameshasimama na bakuli la wali mkononi. Akaumwaga sufuriani pamoja na mwani uliosagwa na matone ya mafuta ya ufuta, akauchanganya na mchuzi mpaka ukawa mwekundu wote, kisha akaukandamiza kwa mgongo wa kijiko hadi ukawa mwembamba kama mkeka. Akapunguza moto.

Ok-rye akanyoosha kijiko.

Mal-sun akakizuia kwa upole.

"Bado, dada. Ukoko haujashika."

Wakakaa, migongo imeelekea mlango, wakisikiliza wali ukitatarika.