Bibi Harusi Alikuja Kinyumenyume

Mtengeneza saa alikuwa na watoto wawili: binti yake, na gari la michezo la milango miwili lililomzidi binti huyo miaka sita. Hesabu hiyo ilikuwa ya mkewe, wala hakuwa akitania.

Kila Jumamosi mume huyo alifungua boneti, akapima oili, akasugua plagi kwa mswaki, akaandika yote daftarini. Tarehe ya kubadilisha mkanda wa injini aliijua kwa moyo. Siku ya kuzaliwa ya mkewe alibahatisha.

Siku ya harusi ya binti, mama aliingia garini na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wino mwekundu: LINAUZWA.

"Baba watoto, likitukwamisha leo nakibandika kiooni, wakwe wakiona."

Fundi auze gari? Bora auze jino lake.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na ukumbi ulikuwa juu ya kilima cha udongo. Katikati ya mwinuko magurudumu yakazunguka palepale, yakarusha tope, gari likateleza taratibu hadi chini. Mara ya pili, vilevile. Mama akatoa gundi mkobani.

"Ngoja kwanza, mama watoto! Hili linavutwa na magurudumu ya mbele. Nyie mmekaa nyuma, na kilima kinazidi kurudisha uzito hukohuko. Mbele pamekuwa pepesi, hapashiki. Tukipanda kinyumenyume, uzito utaangukia mbele."

"Binti yangu aende kwa mumewe kinyumenyume?"

"Mama, muache," bibi harusi akasema. "Bora hivyo kuliko nifike na tope magotini."

Fundi akageuza gari, akatia rivasi, akapinda shingo. Gari likanguruma, likashika, likapanda kilima kwa makalio. Juu kule wageni wakalipuka kwa vigelegele. Walidhani ndiyo mtindo.

"Haya mmeyatoa wapi?" mama wa bwana harusi akauliza, wivu ukimtoka puani.

"Ndivyo tulivyo sisi," mama akajibu bila kupepesa jicho. "Binti yetu huondoka akitazama kwao."

Ulikuwa uongo mtupu, lakini ulipomrudia masikioni ulimchoma. Chini kule paa la nyumba yao lilionekana, na binti alikuwa bado amelikodolea macho. Mama akakikunja kile kipande cha boksi, maandishi yakaingia ndani, akaanza kumpepea mwanawe ili wanja usichuruzike.