Bega la Kushoto

"Ndege wenu anachechemea," alisema Sista Amparo.

Alilisema hilo kwa upole, akiwa amekaa kwenye benchi nililolitengeneza mwenyewe, mikono imelala mapajani. Watoto wakasimama. Vumbi la gereji lilikuwa bado linaelea katika mwanga wa alasiri, na mimi, niliyekuwa nimepiga magoti kwenye ncha moja ya mianzi, nikaacha kupiga.

Ilikuwa mwaka 2004, mtaa wa Mutanga Sud, katika gereji ya Bwana Aloys, ambayo haikuwa na gari tangu vita vilipolichukua. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana vijana wanane walikuja hapo kucheza ngoma ya Ufilipino, ya kumwiga ndege. Hawakulipwa kitu, wala hawakulipa. Kati ya wanane, mwenye damu ya Kifilipino alikuwa mmoja tu, Elsa, binti wa Bwana Aloys, aliyekuwa na miaka kumi na minne. Wengine walikuwa watoto wa majirani, waliokuja kwanza kwa sababu mitaa mingine ilikuwa haipitiki, kisha wakabaki kwa sababu miguu yao ilikwisha kuzoea.

Sista Amparo alikuwa Mfilipino wa kwanza kututembelea. Alikuwa ameishi Bukavu miaka kumi na tisa, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Wafilipino wa nchi zetu hizi walikuwa wakutane Kigali mwezi wa sita, naye alitumwa aone kama kundi letu linastahili kwenda. Elsa alikuwa hajalala vizuri juma zima. Huko Kigali, aliambiwa, watakuwapo watu waliomjua mama yake.

"Anachechemea wapi, Sista?" aliuliza Loïc, mkubwa wao, kijana asiyekosa la kusema. "Ndege ni muzima kabisa. Ni mi ndiye nachoka."

Wenzake wakacheka. Elsa hakucheka.

"Ile hatua ya kushoto," alisema Sista. "Munagusa chini na vidole tu, halafu bega linaanguka. Ni nzuri, sikatai. Lakini kwetu haiko. Nani aliwafundisha?"

Watoto waligeuka wakatazama daftari la hatua lililokuwa dirishani. Kisha wakanitazama mimi.

*

Mimi ni seremala. Nilijifunza kusoma na kuandika nikiwa na miaka thelathini na mmoja, katika masomo ya jioni, ukumbini mwa parokia, nikiwa na vumbi la mbao kwenye nywele. Mwalimu wetu alitufundisha mambo mawili ambayo sijayaacha: andika kile ambacho jicho limeona, na tia jina lako chini ya kazi yako. Tangu siku hiyo kila meza iliyotoka mikononi mwangu ina jina langu chini ya ubao, limechomwa kwa chuma cha moto. Ukienda mtaa wa Asiatique leo, katika maduka ya zamani, piga magoti uchungulie chini ya kaunta. Utaliona: ILDEPHONSE.

Karakana yangu ilikuwa mtaa wa Cibitoke. Mwaka 1995 vita viliifunga. Nilipakia randa na misumeno kwenye mkokoteni, nikahamia Buyenzi, nikawa fundi wa kuitwa nyumba kwa nyumba. Ndivyo nilivyofika kwa Bwana Aloys. Alikuwa bwana shamba aliyesomea kilimo cha mpunga Ufilipino, akarudi na shahada na mke. Mke huyo jina lake Erlinda, lakini sisi tulimwita Mama Elsa.

Siku nilipomaliza kurekebisha mlango wake, aliniuliza kama naweza kumpatia mianzi miwili iliyonyooka, mirefu kuliko mtu na nusu.

"Unataka kujenga nini, Mama Elsa?"

"Ndege," alisema.

Mianzi ilitoka milimani, upande wa Bugarama, na barabara ile ilikuwa haipitiki bila msafara wa wanajeshi. Wauza vikapu waliniletea baada ya wiki tano. Alipoishika alinusa ncha zake, akafumba macho, nami nikageuka nikajifanya natafuta msumari.

Ndege mwenyewe anaitwa tikling. Anatembea katika mashamba ya mpunga, mkulima anamtegea mitego ya mianzi, naye anainua miguu na kupita katikati. Watu wawili wanashika mianzi, huku na huku. Wanaigonga pamoja mara moja, wanaipiga chini mara mbili. Moja inafunga, mbili inafungua, tatu inafungua. Mchezaji anaingia miguu mitupu inapofunguka, anatoka kabla haijafunga. Hakuna anayemtazama miguuni. Anamwamini mpigaji.

Kila Jumamosi Mama Elsa aliwafundisha watoto wa majirani gerejini, akicheza kama mtu anayepita nyumbani kwake gizani. Lakini kueleza hakuweza. "Mi sijui namna ya kusema, Fundi. We angalia tu." Basi niliangalia, nikaandika. Nilinunua daftari la kurasa mia, nikachora nyayo kwa penseli nyekundu na ya bluu. Nilimwambia kwamba kitu kisichoandikwa ni moshi. Alicheka, lakini aliniachia niandike.

Mwezi wa sita 1996 nilibuni chombo. Mpigaji wa pili alikuwa akikosekana mara kwa mara kwa sababu ya barabara kufungwa, kwa hiyo nilifunga ncha za upande wa pili kwenye gogo, kwa mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli. Mtu mmoja angefungua, mpira ungefunga wenyewe. Nilikiona ni kitu kikubwa. Nilifika mapema Jumamosi moja, kabla ya watoto, nimwonyeshe.

Aliingia, akacheza mizunguko miwili. Akasema, "Pole pole, Fundi. Huu mupira una haraka."

"Usiogope, Mama Elsa. Hesabu nimefanya mwenyewe."

Nikaongeza kasi.

Mlio ulikuwa tofauti. Mwanzi ukigonga mwanzi mwenzake unalia kama kicheko kikavu, ila ule haukulia hivyo. Mama Elsa alikaa chini akishika kifundo cha mguu wa kushoto, hakupiga kelele. Mimi nilisimama kama mlango usio na bawaba, nikisema maneno ambayo siyakumbuki.

"Nyamaza, unisikilize," alisema. "Nimeteleza kwenye ngazi ya jikoni. Umesikia? Ngazi ya jikoni. Aloys nitamwambia vile, na watoto vile."

"Kwa nini, Mama Elsa? Kosa ni langu."

"Wakijua ni wewe, hakuna mutoto ataingiza muguu tena kati ya mianzi yako."

Niliukata ule mpira kwa kisu mbele yake. Siri nikabaki nayo.

Alifundisha majuma matatu zaidi, akicheza kwa mguu mmoja na nusu. Wa kushoto alikuwa anaugusisha tu, kwa ncha ya vidole, na bega la upande huo lilishuka kidogo kisha likapanda. Niliandika nilichokiona: *Mguu wa kushoto, gusa, usikanyage. Bega la kushoto lishuke.* Nikisema sikujua ninachoandika, nitakuwa nadanganya nusu. Niliandika kwa sababu mwalimu alisema andika unachoona. Na niliandika kwa sababu, likiwa hatua katika daftari, halikuwa tena jeraha.

Mwezi wa saba alisafiri kwenda kwao kutibiwa figo, ambazo zilikuwa zikimsumbua muda mrefu. Elsa alikuwa na miaka sita. Siku chache baadaye nchi jirani zilitufungia mipaka, ndege hazikuja tena, na mwaka uliofuata ilikuja barua ya msiba badala yake yeye. Bwana Aloys aliisoma, akanipa ufunguo wa gereji. Hakutaka kuona ngoma ile tena, lakini Jumamosi alikuwa akifungua dirisha la chumba chake aisikie. Watoto wa kwanza, waliomjua mkewe akiwa na miguu miwili mizima, walitawanyika: Kanada, Uvira, shule za bweni. Waliokuja baadaye walifundishwa na mimi na daftari.

Lile daftari halikuwa na jina juu yake. Bonfils, mpigaji wa upande wa pili, aliniuliza siku moja kwa nini, mtu kama mimi. Nilimjibu kwamba kazi bado haijakwisha.

*

Miaka minane, basi, halafu sentensi moja ya mtawa.

Ningeweza kusema kwamba Mama Elsa alitoka kisiwa kingine, kwamba huko wanacheza hivyo. Sista mwenyewe alinifungulia mlango huo. "Pengine ni ya kijiji chake," alisema. "Visiwa ni vingi."

Elsa alidakia. "Ndiyo, Sista. Ni ya mama. Mi namukumbuka. Siku ya uwanja wa ndege alikuwa anatembea mbele yangu, bega linashuka, linapanda. Ni kitu kimoja tu namukumbuka nacho. Alikuwa vile."

Uso wake ulikuwa umenawiri. Nilijua kwamba nikinyamaza tutakwenda Kigali, na huko, mbele ya watu waliomjua mama yake, atasema hivyo hivyo.

"Apana, Elsa," nilisema. "Hakuwa vile."

Nikaeleza. Mpira, kasi, ngazi ya jikoni ambayo haikumtelezesha mtu. Nilieleza nikiwa bado nimepiga magoti. Nilipofika mwisho nilisikia kitu kidogo: miguu mitupu ikirudi nyuma kwenye saruji. Loïc alikuwa amesogea mbali na mianzi, na wadogo nyuma yake. Hakuna aliyewaambia. Bonfils aliachia ncha zake zikalala chini.

Mama Elsa alikuwa amesema kweli.

"Nisamehe, mwanangu," nilisema.

Elsa aligeuka. Alikwenda dirishani, akafungua daftari, akasoma ukurasa ule kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo. Chumbani kwa baba yake dirisha lilikuwa wazi, kama kila Jumamosi.

"Kwa hiyo mbele ya kuumia," alisema mwishowe, "alikuwa anacheza aje?"

"Kama mtu anayepita nyumbani kwake gizani."

Alilifunga daftari. Akaja, akasimama kando ya mianzi, vidole vya miguu vikigusa mwanzi wa kwanza.

"Piga, Fundi."

Ncha za upande wa pili hazikuwa na mtu. Hapo Sista Amparo aliinuka kwenye benchi, akakusanya kanzu yake, akapiga magoti kwa shida mbele yangu, akazishika.

"Pole pole," aliniambia. "Mi na wewe ni wazee."

Tukapiga. Moja inafunga, mbili inafungua, tatu inafungua. Sista alimwimbia hatua kwa lugha ya kwao, na Elsa akaingia bila kutazama chini. Kushoto akakanyaga kwa unyayo mzima, bega limenyooka. Mzunguko wa pili, wa tatu. Loïc alisema, "Basi na mi niingie, nisionekane mwoga mbele ya Sista," akaingia, na wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Katika mzunguko wa mwisho, Elsa alipotoka kati ya mianzi, aligusa chini kwa vidole tu. Bega la kushoto likashuka, likapanda. Sista aliliona. Aliendelea kupiga.

Kigali walikwenda. Mimi sikwenda, benchi la gereji lilihitaji mguu mpya. Waliporudi, Elsa alinieleza kwamba mama mmoja alilia, lakini hakuniambia ni katika hatua ipi, wala sikumuuliza.

Daftari ninalo hadi leo, na miaka yangu imepita sabini na tano. Hatua ya kweli niliiandika katika ukurasa wake, kwa penseli ya bluu, kama Sista alivyoielekeza. Ile sentensi ya zamani sikuifuta. Chini yake niliandika tarehe, na chini ya tarehe jina langu lote, kwa herufi kubwa, kama chini ya meza.