Mke wa Mtia Harufu

Kila asubuhi boti ya wafanyakazi ilipojaa, Uvundo alikaa nyuma kabisa, upande unakoelekea upepo, peke yake. Hakuna aliyemchukia. Kazi yake tu ndiyo iliyomkalisha huko.

Boti iliwapeleka kwenye meli ya gesi, iliyofungwa kwa minyororo mbali kidogo na gati. Ilikuwa na nahodha, nanga na honi, ila haikuwahi kwenda popote. Waume wa namna hiyo wako wengi na hakuna anayewashangaa. Meli nyingine ziliijia zikiwa zimebeba gesi iliyopozwa kwa baridi kali mpaka ikawa maji. Yenyewe iliipasha kwa maji ya bahari, ikairudisha kuwa gesi, ikaisukuma ndani ya bomba mpaka nchi kavu. Gesi hiyo haina harufu hata chembe. Ikivuja, mtu hajui. Kwa hiyo kabla haijaondoka, Uvundo aliitia dawa inayonuka kama yai viza, tone kwa tone, kutoka kwenye pipa lake. Pua ya mji mzima ilikuwa mkononi mwake.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa na sheria moja: nguo za kazi zinavuliwa nje.

"Vua hapo hapo, baba," alisema kila jioni. "Majirani wananiuliza kama nimeolewa au naatamia."

Akishaoga, mke alimnusa shingo na kutoa hukumu. Mara nyingi hukumu ilikuwa arudi akaoge tena.

Mwaka gesi ilipofikishwa majumbani, nyumba za wafanyakazi ndizo zilizounganishwa kwanza. Meneja, kijana mpole mwenye viatu vinavyong'aa, alishuka mpaka kwenye chumba cha pipa.

"Mzee, mgeni rasmi anakuja kuwasha jiko la kwanza. Tumpokee kwa yai viza kweli? Wiki hii usitie."

"Ikivuja, bosi?"

"Mabomba mapya hayo. Yavuje yana ugomvi na nani?"

Uvundo alikuwa na jibu. Lilishafika kwenye ulimi. Akalimeza, akafunga koki ya pipa, akasema, "Sawa, bosi."

Jioni ile alirudi nyumbani ananukia sabuni. Mkewe akamnusa shingo mara mbili.

"Leo umetoka kwa nani?"

Walicheka mpaka chai ikapoa. Wiki ile ilikuwa tamu kuliko fungate yao, maana wakati wa fungate Uvundo alikuwa tayari ananuka.

Siku ya mgeni, makofi yakipigwa, mkewe alikuwa anashona gauni jeupe la bibi harusi. Alikuwa amefunga madirisha yote vumbi lisilichafue. Jiko lao jipya likavuja. Hakusikia harufu kwa sababu haikuwepo. Uvundo alimkuta amelaza shavu juu ya cherehani kama anayeisikiliza, mguu bado uko kwenye pedali.

Meneja alileta shada la maua, akaeleza kwamba moyo wa marehemu ulikuwa dhaifu.

Baada ya mazishi, koki ikiwa bado imefungwa, gesi ilivuja kwa mwoka mikate. Mke wa Uvundo akabisha hodi, futi yake ya kupimia nguo ikiwa shingoni, akaingia bila kungoja karibu, akafungua madirisha.

"Msiwashe kitu. Tokeni nje, mwiteni fundi."

Mwoka mikate alimkaribisha chai. Marehemu akasema hana nafasi.

Kuanzia hapo, kila palipovuja alitokea. Watu walimzoea upesi, kama wanavyomzoea msoma mita. Walionung'unika ni wanawake wa nyumba kubwa, kwa kuwa hakuweza kusogeza pazia afikie dirisha bila kuuliza, "Nani kawashonea hili?"

Meneja naye alizoea. Hakuagiza dawa tena. Uvundo akamwendea ofisini, kofia mkononi.

"Bosi, turudishe dawa. Mama yule apumzike."

"Kwani amelalamika?"

"Hajalalamika."

"Mwenyewe kanyamaza, wewe unamsemea? Halafu watu wanampenda. Yai viza nani alilipenda?"

Akampa ufagio asikae bure.

Mtaani kila mtu alijisifu: kapita kwetu, kapita kwetu mara ya pili. Kwa Uvundo hakupita. Baada ya msiba Uvundo alikaza kila nati ya nyumba ile mpaka ikalia, na pasipovuja hapakumhusu mkewe. Naye Uvundo alikuwa na neno la kumwambia, neno dogo tu, lililokuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki: kwamba siku ile alijua, na bado akasema sawa.

Alasiri moja alichukua spana, akalegeza nati ya jiko, akakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Hodi!"

"Hodi ya nini, kwako hapa?"

"Niko kazini," alisema mkewe, akafungua madirisha.

"Mke wangu, nilitaka..."

"Spana."

Akampa. Mkewe akaikaza nati mwenyewe, akaijaribu kwa kidole.

"Mkono wako hausahau nati. Umelegeza makusudi."

"Nilitaka uje."

"Nimekuja. Na wodi ya wazazi bomba linavuja, watoto wamelala."

"Siku ile nilijua. Bosi aliponiambia nifunge koki, nilijua."

Mkewe aliinama akamnusa shingo, taratibu, kama zamani. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Bado hunuki," alisema. "Ndiyo maana nachoka."

"Nisamehe, mama."

"Nikipata nafasi."

Hakulisema kwa hasira. Alikuwa ameshafika mlangoni, futi ikimfuata nyuma.

Asubuhi iliyofuata Uvundo alipanda boti. Siku hizi alikaa katikati, kabanwa bega kwa bega, na meneja mwenyewe alimsogelea.

"Mzee, umependeza. Sasa unakaa na watu."

Boti ikaacha gati. Nchi kavu, kwenye nyumba za mbele, mke wa Uvundo alionekana anatoka mlango huu anaingia ule, mbio. Abiria wakampungia, kama ilivyokuwa desturi yao. Uvundo naye akainua mkono, akauacha juu muda mrefu kuliko wenzake. Mkewe aliwaona. Ila mkono mmoja ulikuwa umeshika mlango, na wa pili dirisha.