Nilimgonga Kusudi

"Hili jina hapa chini ni lako?"

Aliyeuliza alikuwa Mhindi mwembamba wa miaka hamsini hivi, shati lake limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Aliweka karatasi juu ya kaunta akasimamisha kidole chini ya mstari wa mwisho. Nyuma yake madereva wa malori walikuwa wakisukumana, kila mmoja akitaka kontena lake litoke Bandari ya Jeddah kabla ya adhuhuri.

Jabir aliusoma mstari ule. *Mkalimani: Jabir Hamad, kwa njia ya simu.*

"Ni langu," alisema.

"Naitwa Moideen. Yule dereva aliyeuawa Riyadh, Shihab, alikuwa mdogo wangu."

Jabir aliifunga kalamu yake, akaifungua, akaifunga tena. Kisha akamwomba mwenzake ashike zamu, akamchukua mgeni nyuma ya ghala, penye kivuli chembamba cha ukuta.

Jabir alikuwa karani wa kutoa mizigo, mwaka wa ishirini na sita sasa. Kazi yake ilikuwa kulinganisha namba za makontena na zile za kwenye hati, herufi nne na tarakimu saba, na hakuna namba aliyoiacha ipite bila kuisoma mara mbili. Alizaliwa Karantina, mtaa wa Jeddah, wazazi wake walipokwisha kukimbia Unguja mwaka sitini na nne. Kiarabu alikiokota mtaani na shuleni, Kiswahili alikinyonya jikoni kwa mamake. Polisi walilijua hilo. Ikitokea Mkenya amekamatwa na mkalimani wao hayupo, humpigia simu Jabir. Hakuwa na cheti cha ukalimani. Aliichukulia kama thawabu tu, kusemea watu wasio na mdomo.

Hiyo simu ya Riyadh ilimjia miezi kumi na minne iliyopita, siku ambayo meli mbili zilishusha kwa pamoja na foleni ikafika barabarani. Askari alisema, "Tuna mfanyakazi wa ndani hapa, kampiga dereva wa nyumba, dereva kafa. Muulize kwa nini alimpiga."

Jabir aliuliza. Sauti ya mwanamke, iliyokauka kwa kulia, ikajibu, "Nilimgonga kusudi aniachilie."

Alipofika kwenye *kusudi*, askari alikuwa ameshaanza kuzungumza na mtu mwingine. Dereva mmoja naye alikuwa akigonga funguo kwenye kaunta ya Jabir. Lile neno la mwisho lilimfikia hafifu, kama mtu anayesemea nyuma ya ukuta. Lakini lilimfikia.

"Kasema nini?"

"Anasema alimpiga kusudi." Naye akalisema kwa Kiarabu cha mahakamani: *amdan*.

"Amdan?"

"Amdan."

"Halas, basi," alisema askari, na simu ikakatika.

Alasiri, maji ya udhu yakimtiririka viwikoni, ndipo sentensi ile ilipomrudia nzima. Hakuna mtoto wa Kiswahili asiyejua tofauti yake. *Nilimgonga kusudi*, hapo mtu anasema alidhamiria. *Nilimgonga kusudi aniachilie*, hapo kusudi si dhamira ya ubaya hata kidogo, ni sawa na kusema *ili*. Nilimgonga ili aniachilie. Namba iliyompigia ilikuwa imefichwa. Alijiambia kwamba maelezo ya polisi si hukumu, kwamba mahakama itamhoji upya. Alijiambia hivyo siku ya kwanza, na ya pili, na ya kumi, mpaka akaacha kujiambia.

Sasa nduguye marehemu alikuwa amesimama mbele yake.

"Kabla sijaja huku kupiga pasi nguo za watu," Moideen alisema kwa Kiarabu chake cha kuunga, "nilikuwa karani wa wakili mmoja Kozhikode. Miaka kumi na mmoja. Nimechapa kesi za vifo mpaka vidole vikaota sugu. Unajua sheria ya kwetu India inasemaje?"

Jabir alitikisa kichwa.

"Kwetu, kumtoa mtu roho si kosa la jina moja. Ukitaka afe, au ukimtia kwa makusudi jeraha ambalo kwa kawaida linatosha kumuua mtu yeyote, wewe ni muuaji, na kitanzi kinakusubiri. Lakini ukiwa ugomvi umezuka ghafla, hakuna aliyepanga, damu imepanda, na hukumfanyia ukatili wa kupita kiasi, basi hata kama mtu amekufa, kosa lako lina jina jingine. Utafungwa, tena miaka mingi. Hunyongwi. Wakili wangu alikuwa akisema, kila muuaji ametoa roho, lakini si kila aliyetoa roho ni muuaji."

"Hapa si India."

"Najua. Hapa wana *amd* na *shibhu amd*, kukusudia na kinachofanana na kukusudia. La kwanza lina kisasi cha upanga, la pili halina. Si mbali sana na kwetu." Aliikunja karatasi kwa kufuata mikunjo yake ya zamani. "Shihab hakuoa. Baba alikufa. Mimi na mama ndio wenye haki ya damu; yeye ana miaka themanini na moja, na mimi ndiye ninayemsemea. Jumatatu kadhi ataniuliza kama tunataka kisasi. Mama ameniuliza jambo moja tu: huyo mwanamke alitaka mwanangu afe? Sina cha kumjibu ila hii karatasi; mahakamani aliulizwa tu kama alimpiga, akakubali. Niambie, alisema hivyo?"

"Siku nyingi zimepita," Jabir alisema, na hapo hapo akajisikia vibaya.

Moideen aliinua kidole kimoja. "Ripoti ya daktari inasema pigo moja la kichwani. Mchi wa shaba, ule wa kutwangia iliki. Madam mwenye nyumba alimtuma Shihab akamnyang'anye simu, maana alisikia huyo mwanamke anatafuta kafili mwingine wa kumwajiri. Akaenda, akamkamata mkono. Shihab alikuwa na mikono mizito, namjua, nimemlea." Akaitia karatasi mfukoni. "Usidhani nimekuja kumtetea. Nikimwona natamani kumtemea mate. Lakini sitaki mtu akatwe kichwa kwa neno ambalo hakulisema, kisha mimi nirudi nikae na mama yangu mkeka mmoja."

Forklifti ilipita na mzigo wake. Jabir alingoja kelele zitulie, maana alijua akishasema halitarudi.

"Alisema," alijibu. "Lakini sikuimaliza sentensi yake."

*

Jioni hiyo nyumbani, mkewe Mwatima alisikiliza mpaka mwisho, kijiko cha mchuzi mkononi. Kisha akakiweka chini.

"Baba Rania, usende ukajitia kitanzi mwenyewe. Ukisema mbele ya kadhi kuwa uliandikisha uongo, watakuachia?"

"Si uongo. Ni nusu."

"Basi hiyo nusu iache ilipolala! Ikama yangu ya kukaa hapa imening'inia kwenye yako, na ya Rania nayo. Wakikutoa nchini, twende wapi? Unguja? Nani anatujua Unguja? Mimi hata hiyo Darajani wanayoisema sijapata kuiona."

"Yule mwanamke atakufa, Mwatima."

"Na mtu kafa."

"Kafa, ndiyo. Lakini namba ya kontena naisoma mara mbili, na mtu nikashindwa kumuuliza mara ya pili." Akaisukuma sahani yake. "Ningemwambia tu, hebu sema tena, dada. Maneno manne."

Mwatima alikusanya sahani kabla mtu hajashiba. Lakini Jabir alipotoka msikitini alikuta kanzu yake nyeupe imepigwa pasi na kukunjwa ndani ya mkoba, na juu yake mkate wa ufuta umefungwa kwa kitambaa. Mwatima alikuwa amempa mgongo, anasugua sufuria iliyokwisha kung'aa zamani.

*

Safari ya basi hadi Riyadh ilichukua mchana mzima. Jabir alilala kwa binamu yake Al-Shumaisi, na Jumatatu saa tatu asubuhi alikuwa ameketi kwenye benchi la mahakama, magoti pamoja kama mwanafunzi.

Walipomwingiza mshtakiwa, Risper, Jabir alishangaa jinsi alivyokuwa mdogo. Kwa sauti ile ya simuni alikuwa amemjengea mwili mwingine. Huyu alikuwa msichana wa Homa Bay, hajafika thelathini, abaya inamvuka mikono, shingo imebaki mifupa. Pembeni yake alikaa Huda, mkalimani rasmi wa mahakama, bibi wa makamo ambaye asili yake ni Pemba.

Moideen alisimama, akasema kwamba kabla ya kutaja takwa la mama yake anaomba asikilizwe mtu aliyetafsiri maelezo ya polisi. Kadhi aliinua macho. Jabir akaitwa, akaapishwa.

Alieleza. Alitaja siku ile, foleni, funguo kwenye kaunta. Aliitamka sentensi nzima kwa Kiswahili, halafu akaionyesha kwa Kiarabu mahali alipoikata. Hakujitafutia udhuru, ingawa njia nzima ndani ya basi alikuwa amejitafutia.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mpole wa sauti. "Miezi kumi na minne. Na unalikumbuka neno moja?"

"Nalikumbuka kwa sababu nililisikia, nikaliacha."

"Hukurudi kuripoti."

"Sikurudi."

"Kwa nini?"

Jabir alitafuta jibu kwa lugha zote mbili. "Niliogopa," alisema.

Kadhi alimgeukia Huda. "Muulize yeye mwenyewe. Asitaje karatasi. Asimulie."

Risper alisimama. Alianza polepole, kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini.

"Madam alikuwa amesema nisiongee na simu. Shihab akakuja jikoni, akanishika hapa, akanikunja mkono. Nilikuwa natwanga iliki. Nikamwambia wacha, wacha, hakuwacha. Nikamgonga kusudi aniachilie. Sikuangalia hata nimemgonga wapi. Akaniachilia, akanitukana, akakunywa maji, akaenda kuchukua watoto shule. Mimi nikarudi nikamaliza hiyo iliki." Akakunja mkono wa abaya. "Walai, ningejua ameumia, ningemaliza iliki? Jioni ndio nikasikia ameanguka. Baada ya siku mbili nikaambiwa amekufa. Nilikuwa nimemtengea chakula."

Huda alitafsiri neno kwa neno. Mara mbili alimsimamisha, akamwomba arudie. Jabir aliyahesabu yale marudio, na kila moja lilimchoma.

Risper alikuwa amegeuka kumtazama. "Ni wewe ule wa simu?"

"Ni mimi, dada."

"Nilidhani network ilipotea," alisema.

Alilisema bila hasira yoyote. Jabir angeshukuru kama angemtukana. Askari alimgusa begani, Risper akakaa.

Kadhi aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma: maelezo mapya ya mshtakiwa yamepokelewa, tafsiri ya kwanza imetiliwa shaka, na mahakama itaipima kwa pamoja na ripoti ya daktari. Shahidi Jabir Hamad atapelekwa kuchunguzwa kwa kutoa tafsiri yenye kasoro na kuinyamazia, na ikama yake itashikwa tangu saa hiyo. Jabir aliitoa mfukoni, akampa askari kwa mkono wa kulia, kwa adabu, kama anayempa mgeni kikombe.

"Na wewe," kadhi alimwambia Moideen, "bado mnadai kwamba ni kuua kwa kukusudia, na mnataka kisasi?"

Moideen alifungua mdomo. Alishika ukingo wa benchi. Kwa mara ya kwanza tangu aje bandarini, hakuwa karani wa wakili, alikuwa mtu aliyefiwa.

"Si damu yangu peke yangu," alisema. "Naomba nimuulize mama."

"Mna mpaka baada ya sala ya adhuhuri."

*

Ukumbi wa nje ulikuwa mrefu, mweupe, na baridi ya kiyoyozi. Jabir alikalishwa kwenye kiti cha chuma karibu na mlango, askari mmoja kando yake. Alikuwa amempigia Mwatima, akamwambia kwa kifupi. Akasikia, "Umekula?" Akasema amekula. Mwatima akasema atamtafuta kaka yake, waone kama kuna wakili. Hakulia. Pengine angelia baadaye, simu ikishakatwa, Rania asimwone.

Risper walimpitisha mbele yake kumrudisha chumba cha mahabusu. Alikwenda ameinamisha kichwa, akizitazama ndara zake, na mlango ukafungwa nyuma yake bila kishindo.

Hatua kumi mbele, Moideen alikuwa amesimama akielekea ukuta. Alibonyeza simu, akaiweka sikioni, akangoja. Mtu alipopokea, alianza kuzungumza kwa lugha ya kwao, Kimalayalamu, kwa haraka na kwa sauti ya chini. Maneno yalimtoka yakizunguka zunguka, laini, hayana pa kushikia. Jabir aliyasikia yote. Hakuelewa hata moja. Hakuna aliyemgeukia kumuuliza, kasema nini.

Moideen aliibana simu sikioni. Akasikiliza. Akasema neno moja, akalirudia, kisha akasikiliza tena. Taratibu alichuchumaa, mgongo ukiteleza ukutani, lile shati lililonyooka likijikunja tumboni, mpaka akawa amekaa sakafuni. Kiganja kimoja kilishika simu. Kwa kingine aliziba sikio la pili, maana hapo juu yao kipaza sauti kilikuwa kimeanza kuadhini, na yule bibi kizee wa upande wa pili alikuwa bado anasema.