Mistari Kumi na Saba

Naima hakukikalia kiti alichopewa. Alisimama katikati ya chumba cha kumbukumbu, kitenge chake kikichuruzika mvua, akamnyooshea Sista Jenifer simu ambayo haikuwa yake.

"Soma, Sista. Soma kwa sauti, maana na wao walisoma kwa sauti."

Jenifer alisoma kimoyomoyo. Kwenye meza ya pembeni Lugano, mtaalamu wa kompyuta wa kituo hicho cha afya, aliinua kichwa, akaiona midomo ya muuguzi ikicheza, kisha ikiganda.

"Ndugu Naima, unakumbushwa kufika kliniki ya kifafa siku ya Alhamisi," Naima alijisomea mwenyewe, bila kuitazama simu. "Hii ni ya Mama Mwanaamina, mwenye duka ninaposhonea. Yangu iliharibika, nikawapa namba yake. Jana ilipolia alikuwa anampima mteja gauni. Miwani hana, akamwomba mteja amsomee. Leo wateja wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavishona. Miaka mitano ujumbe wenu ulisema tu, 'Karibu Alhamisi.' Nani amewatuma mbadilishe?"

Jenifer alimgeukia Lugano.

"Ni kampuni ya simu," Lugano alisema. "Wanabadilisha mambo yao bila kutuarifu. Tutafuatilia."

Uongo ulimtoka mlaini, kana kwamba ulikuwa umekaa kwenye foleni ukingoja zamu yake. Jenifer akaomba radhi kwa niaba ya watu wasio na kosa. Naima akaifunga simu kwenye pindo la kitenge, akaondoka bila kuaga.

Lugano alijua. Alikuwa amejua tangu lile neno kifafa lilipotamkwa.

Mfumo wa wagonjwa wa kituo kile haukuwa wa kukodi mbali. Uliishi katika kompyuta kubwa iliyofungiwa kabatini, humo humo chumbani, na kuutunza ilikuwa kazi yake. Ijumaa iliyopita alikuwa ameweka toleo jipya, na akamwita Dokta Godwin, mganga mfawidhi, aje aone sura yake. Katikati ya kazi kompyuta ilisita ikauliza: faili la mipangilio lilibadilishwa na mtu wa hapa, je, libaki hilo, liwekwe jipya, au utazame kwanza tofauti zake? Dokta alikuwa amesimama nyuma yake. Kutazama tofauti kungechukua muda, na Lugano aliogopa kuonekana anababaika. Alichagua jipya, kwa kubonyeza herufi moja.

"Lile la zamani ni viraka vitupu vya Mzee Andongwisye," alisema akicheka, na Dokta akacheka naye. Andongwisye ndiye aliyemtangulia katika kazi ile. Alikuwa amestaafu, akarudi kwenye migomba yake Mpuguso.

Sasa, Jenifer alipotoka kuhudumia wagonjwa, Lugano alilitafuta lile faili. Mashine haikuwa imelitupa. Ililiweka kando kwa adabu ambayo yeye hakuwa nayo. Akalifungua sambamba na jipya. Mistari kumi na saba ilitofautiana, na juu ya kila mmoja mzee alikuwa ameandika sababu.

*Usitume Jumapili asubuhi. Simu zinalia kanisani.*

*Wazee wa Kisondela waandikiwe Kinyakyusa. Kiswahili wanasomewa na wajukuu, na wajukuu wanasema hovyo.*

*Jina la kliniki lisitoke kamwe. Binti wa Kinyala alilia hapa ofisini, Machi 2019. Ukitaka kugusa hapa, mwulize Sista kwanza.*

Masikio yalimwaka. Kumbe kila alichokiita kiraka kilikuwa mtu. Mzee yule, aliyeandika kwa vidole viwili huku vijana wakimtania, alikuwa ameketi hapa akisikiliza vilio, kisha akavigeuza kuwa amri ambazo mashine ingezitii hata yeye akiondoka. Naye Lugano alizifuta zote kwa herufi moja, ili tu bega lake lionekane imara mbele ya mkubwa.

Faili zima la zamani lisingeelewana na toleo jipya, kwa hiyo alihamisha mstari mmoja mmoja, na maelezo yake. Alijitumia ujumbe wa majaribio. *Karibu Alhamisi.* Aliusoma mara tatu. Kisha akahesabu jumbe za kliniki ya kifafa zilizokwisha kwenda: sitini na tatu. Hizo hakuna faili la kuzirudisha.

Alimfuata Jenifer kwenye chumba cha sindano, akamweleza yote. Muuguzi alivua glavu taratibu.

"Asubuhi nimemwomba radhi yule dada kwa uongo wako," alisema. "Kwa mdomo wangu, Lugano."

Hakusema zaidi. Dokta Godwin, alipoambiwa, alisema mengi, na mengi hayo yalikuwa mepesi kuliko hayo machache ya Jenifer.

Jioni alikwenda kwa Naima. Kabla ya kufika alivua kitambulisho cha kituo shingoni, akakitia mfukoni, asije kuwapa majirani la kuuliza. Naima alimsikiliza akiwa mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi, dada. Na kampuni ya simu niliisingizia. Kama kuna ninachoweza kufanya, hata kwenda kwa Mama Mwanaamina nikamwambia..."

"Umwambie nini? Ingekuwa uongo, ungekwenda kukanusha. Hii ni kweli. Utakanusha nini?"

Naima aliushusha mkono kutoka kwenye fremu.

"Tuko wangapi?"

"Sitini na watatu."

"Usiende majumbani kwao," Naima alisema. "Mgeni akija na sura kama hiyo yako, kijiji kizima kitajua kuna jambo. Namba ile ifuteni. Tarehe zangu nazikumbuka mwenyewe." Akaufunga mlango bila kuubamiza.

Alhamisi Jenifer alipanga viti sitini na vitatu chini ya paa la kungojea. Watu walifika mmojammoja, miavuli ikichuruzika, wengine wamejifunika khanga hadi machoni. Saa nne ilipogonga, muuguzi alimtazama Lugano, akampa ishara kwa kidevu.

Alisimama mbele yao. Alisema alichofanya, bila kuitaja mashine kama mwenye kosa. Mvua ilikuwa ikilipiga bati.

Mzee mmoja wa mbele, Ambindwile, aliegemea fimbo yake.

"Sasa wewe, mwanangu, dawa zipo?"

"Zipo, baba."

"Basi tuanze. Mimi natoka mbali."

Jenifer akaanza kuita, kwa namba, siyo kwa majina. Lugano alibaki amesimama, hajui kama ameruhusiwa kuondoka. Viti kumi na tisa vilikuwa vitupu. Mhudumu wa usafi alikuja kuvikusanya, na Lugano akamwomba aviache kwanza, mpaka mchana.