Ngazi ya Mwaka wa Nane

Tirbeni Babu, msaidizi mzee wa utafiti hospitalini, aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto wa Lalmuni, akasubiri, akavisogeza kidogo, akasubiri tena. Pigo la mshipa hakulipata. Hakushangaa. Mkono ule ulikuwa umenyamaza tangu Lalmuni ana miaka kumi na minne, na kwa miaka minane mzee ndiye aliyeandika "hakuna" kwenye daftari la utafiti.

"Lete wa kulia."

Lalmuni alizisukuma bangili zake nyekundu kuelekea kwenye kiwiko. Kuzivua asingeweza; huvuliwa na wajane, na mume wake yu hai. Mzee aliinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu nyuma ya ukuta.

"Na huu nao unaanza kunyamaza," alisema. "Kichwa je?"

"Nikiinua uso kuanika nguo, giza. Juzi nilianguka bombani. Nikamwambia mama mkwe nimeteleza."

"Dawa uliacha lini?"

"Siku ya harusi, Babu. Miaka mitatu sasa. Ningezimezea wapi, nyumba ya watu tisa?"

Alikuwa ametoka Siwan, alikoolewa, kwa treni ya alfajiri. Kwa wakwe aliaga kwamba anakwenda kumtazama mama yake. Dawa za utafiti zilikuwa za bure kwa kila aliyeandikishwa, maisha yake yote; ndivyo walivyoambiwa siku alipotiwa dole gumba kwenye wino. Alikuja kuzidai kabla mshipa wa mwisho haujaziba.

Tirbeni Babu alifungua daftari kwenye namba 214. Jina lilikuwa limepigwa mstari mwekundu kwa rula.

"Humu umekufa, binti."

Lalmuni alicheka. Kisha akaona mzee hacheki.

"Nani kasema?"

"Mama yako. Nilipiga simu mwenyewe, ulipokosa kuja. Nikampa pole. Siku ile sikula."

Lalmuni aliikumbuka simu hiyo. Wakwe walikuwa wamekaa uani, wamekuja kumkagua. Mama mkwe alishamtembeza hatua kumi ili aone kama anachechemea. Simu ikalia. Mama yake akaenda nayo nyuma ya zizi, akarudi akijifuta mdomo kwa ncha ya sari, akanyanyua sinia la vitamutamu. "Nani huyo?" mama mkwe aliuliza. "Watu wa benki," mama alijibu. "Hawatapiga tena."

Mlango ulifunguka, akaingia Daktari Khare, mwenye utafiti, mwanamume mpole mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Mia mbili kumi na nne!" alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Kumbe upo."

"Nipo, Daktari. Nimekuja kwa dawa."

Alimsikiliza bila kumkatiza. Akavua miwani.

"Hesabu tumeshazifunga, dada. Makala imetoka, ng'ambo wameisoma. Nikikurudisha, lazima niwaeleze wafadhili. Nahitaji barua mbili: moja ya mama yako, akiri kwamba alidanganya, nyingine ya mume wako, akubali uendelee."

"Mume wangu hajui."

"Basi ajue. Ugonjwa si aibu."

"Kwenu, Daktari." Alishusha mtandio usoni. "Kwetu nitarudishwa jioni hiyohiyo. Na mdogo wangu hataolewa."

"Mimi sheria sikuitunga."

"Niandikeni upya. Jina lolote."

"Wapya tulishaacha kuwapokea. Nenda dirisha la sita, kama wagonjwa wengine. Foleni ya kipimo ni miezi saba hivi. Dawa utanunua."

Kununua maana yake kumwomba mume, na kuomba maana yake kuulizwa.

"Na damu yangu mliyokuwa mnachukua?"

"Ipo! Chupa nane, kwenye barafu. Hiyo inatusaidia sana mpaka leo."

Daktari alipotoka, Tirbeni Babu alivuta droo ya meza. Vidonge vilikuwamo, kila pakiti imebandikwa namba ya mtu aliye hai. Aliviangalia. Akaisukuma droo taratibu mpaka ikajifunga, akamsindikiza Lalmuni ukumbini.

Ukutani palikuwa na bango kubwa la matokeo ya utafiti. Mstari wa buluu ulianzia juu kushoto, ukashuka kwenda kulia, ngazi baada ya ngazi, kama za kuteremka mtoni.

"Kila ngazi ni mtu aliyetutoka," mzee alisema.

"Mimi ipi?"

Alisita, kisha akaweka kidole. "Hii. Mwaka wa nane."

Ilikuwa ndogo, haikuzidi kucha yake. Lalmuni aliigusa. Karatasi ilikuwa laini na baridi. Mkono wake nao ulikuwa baridi, akashindwa kujua kipi kinakipa kingine baridi.

Hapo zikasikika sauti. Daktari Khare alikuwa anapita na wageni watano waliovikwa mashada ya maua. Walisimama mbele ya bango.

"Miaka ishirini," Daktari alikuwa akisema. "Wagonjwa mia tatu na sita. Kila mmoja tunajua kama yu hai au alikufa. Hatukupotelewa na hata mmoja."

Wageni walitikisa vichwa. Mmoja alinyanyua simu apige picha, akaishusha, akatabasamu, akaashiria kwa mkono.

"Dada," Daktari alisema kwa upole, "sogea kidogo. Unaziba."

Lalmuni alisogea. Bangili zilimshuka mpaka kifundoni, zikalia mara moja, zikatulia.